Pikipiki Kuukuu Katika Hewa ya Nanyuki

Mji wa Nanyuki umekaa upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mahali ambapo mstari wa Ikweta hupita. Mtu asiyepata kufika huko, akisikia Ikweta ikitajwa, hudhani kuwa atakuta joto la kuunguza ngozi. Akifika alfajiri hukuta mambo mengine kabisa: umande umetanda majanini, watu wamejifunika makoti mazito, na pumzi za punda wavutao mikokoteni zinaonekana kama moshi mwembamba. Sababu ya ajabu hiyo ni kimo. Nanyuki ipo karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni baridi, tena ni nyepesi.

Wepesi wa hewa hauonekani kwa macho, lakini hujulikana kwa matendo yake. Mpishi aliyehamia Nanyuki kutoka Mombasa huujua jikoni. Maharagwe yake hukawia kuiva, maana maji huchemka katika nyuzi 93 au 94 hivi badala ya nyuzi 100 za pwani. Mkimbiaji huujua kwa mapafu yake. Na mwenye pikipiki kuukuu huujua kwa injini yake. Chombo kilichokwenda vizuri pwani, kikifika Nanyuki huanza kukohoa, hutoa moshi mweusi, hunywa petroli kupita desturi, na kilimani hukosa nguvu.

Hapo mwenye chombo hukabiliwa na swali moja: je, injini hii ina maradhi gani? Akijibu vema atatumia bisibisi na muda wa nusu saa. Akijibu vibaya atanunua vipuri asivyovihitaji, kimoja baada ya kingine, na ugonjwa utabaki pale pale. Kwa mtu anayepata riziki yake kwa kubeba abiria, makosa ya namna hiyo yaweza kumaliza akiba ya miezi mingi na kuwalaza watoto na njaa. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi elimu ya kujibu swali hilo ilivyopatikana, na jinsi ilivyosafiri mpaka ikafika chini ya mabati ya mafundi wa Nanyuki. Aidha yataka kuonyesha kwamba njia ya fundi mwema na njia ya mwanasayansi ni njia moja.

Ili tuanze mahali panapostahili, yatupasa turudi nyuma karne nne hivi, twende Ulaya penye mlima mwingine. Katika mwaka 1643, mwanafunzi wa Galileo aliyeitwa Evangelista Torricelli, mtu wa Italia, alibuni kipimo cha neli ya kioo iliyojazwa zebaki na kupinduliwa ndani ya bakuli. Zebaki ilishuka kidogo, kisha ikasimama. Torricelli akasema kwamba kilichoishikilia zebaki isishuke yote ni uzito wa hewa uliokuwa ukiikandamiza ile zebaki ya bakulini. Wengi hawakusadiki. Hewa, walisema, haina uzito.

Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, alifikiri hivi: ikiwa hewa ina uzito, basi mtu akipanda mlimani ataacha sehemu ya hewa chini yake, na hewa iliyobaki juu yake itakuwa na uzito mdogo zaidi, kwa hiyo zebaki itashuka. Pascal mwenyewe alikuwa na afya dhaifu, hivyo alimwomba shemeji yake, Florin Périer, aifanye kazi hiyo. Tarehe 19 Septemba 1648, Périer alichukua neli mbili. Moja aliiacha bondeni katika bustani ya watawa wa mji wa Clermont, akamweka mtawa mmoja ailinde na kuitazama kutwa. Ya pili aliipandisha juu ya mlima wa Puy de Dôme, ambao kilele chake kipo karibu mita 1,000 juu ya mji ule. Huko juu zebaki ilishuka kwa zaidi ya inchi tatu za vipimo vya wakati ule. Aliporudi chini, mtawa alimwambia kwamba neli ya bustanini haikubadilika hata kidogo siku nzima.

Msomaji amtazame sana mtawa yule wa bustanini. Kama Périer angebeba neli moja tu, watu wangeweza kusema kuwa labda zebaki ilishuka kwa sababu hali ya hewa ilibadilika siku ile, wala si kwa sababu ya kimo. Neli iliyoachwa chini iliwafunga vinywa. Jambo moja tu lilibadilishwa, nalo ni kimo. Mengine yote yaliachwa kama yalivyokuwa. Hii ndiyo sheria kuu ya kutafuta sababu ya jambo lolote, na tutaikuta tena mbele kidogo, mikononi mwa fundi mwenye spana.

Zaidi ya miaka mia mbili ilipita kabla elimu ya uzito wa hewa haijakutana na chombo cha moto. Katika mwaka 1876, Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya mapigo manne. Katika pigo la kwanza pistoni hushuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na gesi. Katika la pili hupanda na kuubana. Katika la tatu mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Katika la nne pistoni hupanda tena na kutoa moshi nje. Injini nyingi za pikipiki zinazopita leo katika barabara za Nanyuki hufuata mpango huo huo.

Injini za Otto zilikuwa nzito na zilikaa mahali pamoja. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza ndogo iliyotumia petroli, na katika mwaka 1885 wakaifunga juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na vijigurudumu viwili vya pembeni. Nguvu yake ilikuwa nusu ya nguvu ya farasi mmoja. Chombo hicho huhesabiwa na wengi kuwa baba wa pikipiki zote za petroli. Walakini kilikuwa na upungufu katika mambo mawili. Moto wake ulitoka katika bomba dogo lililopashwa joto mpaka likawa jekundu, na mvuke wake wa petroli haukuweza kupimwa vizuri. Upungufu wa pili ulipata dawa katika mwaka 1893, Maybach alipobuni kabureta inayorusha petroli kama manyunyu kupitia tundu jembamba, ambalo mafundi wetu huliita jeti. Upungufu wa kwanza ulipata dawa katika mwaka 1902, Gottlob Honold, mhandisi katika karakana ya Robert Bosch, alipokamilisha magneto ya umeme mkali pamoja na plagi yake ya kutoa cheche.

Tangu siku hizo mahitaji ya injini ya petroli hayakubadilika. Ni matatu: mchanganyiko ulio sawa wa hewa na petroli, mbano wa kutosha ndani ya silinda, na cheche yenye nguvu inayokuja kwa wakati wake. Likikosekana moja, injini huugua au hufa. Atakayeyaweka matatu haya moyoni amekwisha pata nusu ya ufundi.

Pikipiki ziliingia Afrika Mashariki mapema. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, jeshi la Waingereza lilipokwenda kupigana na Wajerumani upande wa Kilimanjaro, lilikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Ndorobo waliwaua farasi na nyumbu kwa maelfu, lakini hawakuweza kumdhuru mnyama wa chuma. Mnyama huyo alikuwa na adui zake wengine: vumbi, matope na mashimo. Mzigo mkubwa wa vita hiyo haukubebwa na chombo chochote. Ulibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi Waafrika, ambao wengi wao hawakurudi makwao.

Baada ya vita, reli ambayo ilikuwa imefika Thika mwaka 1913 iliendelezwa kuelekea nchi za Mlima Kenya, na karibu na mwaka 1930 ikafika Nanyuki. Petroli na vipuri vikaanza kupatikana kwa wepesi zaidi. Wenye pikipiki siku hizo walikuwa walowezi, wamisionari na maofisa wa serikali. Mwafrika alizijua zaidi kwa kuzisukuma zilipokwama kuliko kwa kuzipanda. Karakana za kutegemewa zilikuwa chache na mbali, kwa hiyo kila msafiri ilimbidi awe fundi wa chombo chake. Mfano mashuhuri ni wa wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walioondoka London Desemba 1934 na kufika Cape Town Julai 1935 kwa pikipiki moja aina ya Panther. Injini yao iliharibika katika safari ya jangwa la Sahara, na ikabidi itengenezwe upya Agadez kabla ya kuendelea. Hawangefika popote kama hawangejua kilichomo ndani ya injini.

Mambo yalibadilika viwanda vya Japani vilipoanza kuuza vyombo vyao duniani. Honda ilitoa pikipiki yake ndogo iitwayo Super Cub mwaka 1958. Katikati ya miaka ya 1970 ikatoa CG125, na habari ya chombo hiki yafaa kukumbukwa. Wahandisi wake walizitembelea nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo kupita kiasi na oili haibadilishwi kwa wakati. Badala ya kuwalaumu wenye vyombo, walibuni injini inayoendesha valvu zake kwa vijiti vya chuma, ambayo ingeweza kustahimili maisha hayo. Injini za mfano huo, za asili na za kuigwa, zingali zinanguruma katika Afrika Mashariki.

Nchini Kenya, mwaka 2008, serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki zilizo chini ya sisi 250. Bei ikashuka, na bodaboda, ambayo hapo kwanza ilikuwa kazi ya baiskeli kule Busia mpakani mwa Uganda, ikaenea kila mji na kila kijiji. Kutoka Karatina hata Nyeri, kutoka Naro Moru hata Nanyuki, pikipiki ikawa gari la mgonjwa, la mwanafunzi, la gunia la viazi na la debe la maziwa. Nyuma ya kila kundi la waendeshaji likazuka kundi la mafundi. Hawa ni watu wa jua kali, waliopewa jina hilo kwa kuwa wengi wao hufanya kazi bila paa. Katika mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa yake juu ya Kenya, likakiri kwamba wafanyakazi wa namna hiyo hawakuwa wavivu wala wasumbufu wa mji, bali walikuwa wazalishaji mali. Na mwaka huo huo watu wa Nyeri walianza, kwa harambee, chuo cha ufundi cha Kimathi, ambacho leo ni chuo kikuu cha teknolojia chenye jina la Dedan Kimathi. Hivyo fundi wa kando ya barabara na mhandisi wa chuoni ni majirani katika nchi hii.

Sasa na turudi kwa pikipiki yetu inayokohoa. Tuseme ni kuukuu, ilinunuliwa Mombasa, ikapandishwa kwa barabara ya Nairobi, Thika, Sagana na Karatina mpaka Nanyuki. Kabureta yake ilipimwa kwa hewa ya pwani. Petroli ikiungua barabara, kila gramu moja huhitaji gramu 15 za hewa, au pungufu kidogo. Pale Nanyuki kanieneo ya hewa ni karibu sehemu nne katika tano za ile ya Mombasa. Silinda huvuta ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo mna hewa haba. Petroli nayo hupungua, maana mvuto wa hewa katika jeti umedhoofika, lakini haipungui kwa kadiri hewa ilivyopungua. Matokeo yake ni mchanganyiko uliozidi petroli kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Petroli iliyokosa hewa haiungui yote. Hugeuka masizi, huipaka plagi weusi, na hutoka nje kuwa moshi mweusi. Mlima wa Pascal umehamia ndani ya kabureta.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kila injini inayotoa moshi mweusi Nanyuki inaugua kimo. Dalili ya mvua ni mawingu, ila si kila wingu huleta mvua. Mchanganyiko uliozidi petroli una sababu nyingine tatu ambazo ni za kawaida mno katika nchi ile. Ya kwanza ni choki. Asubuhi za Nanyuki ni baridi, na petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi. Mwendeshaji huvuta choki ili injini iwake, kisha husahau kuirudisha. Ya pili ni kichujio cha hewa. Barabara za Laikipia wakati wa kiangazi hutoa vumbi jingi, na kichujio kilichoziba huinyima injini hata ile hewa haba iliyopo. Ya tatu ni boya la kabureta. Likitoboka, au sindano yake ikilika, petroli hupanda kupita usawa wake na kufurika. Hivyo sababu nne huvaa vazi moja, na asiyetofautisha atatibu maradhi asiyoyajua.

Fundi asiye na subira hufanya hivi. Huona plagi nyeusi, hununua mpya. Injini huenda vizuri kwa siku moja au mbili, kisha plagi mpya nayo huwa nyeusi. Hapo husema, "Ni koili." Koili hubadilishwa, moshi hubaki. Kisha husema, "Ni ringi," na injini yote hufunguliwa. Kama angeuangalia moshi wenyewe asingefika huko, kwa kuwa kila rangi ya moshi ina habari yake. Mweusi ni wa petroli iliyozidi. Wa buluu ni wa oili inayoungua, nao ndio ungeelekeza kwenye ringi au valvu, isipokuwa katika injini za mapigo mawili, ambazo oili yao huchanganywa na petroli na moshi kidogo wa buluu ni desturi yake. Mweupe wa muda mfupi wakati wa asubuhi baridi ni mvuke wa maji tu. Fedha ya ringi ilitupwa kwa sababu swali halikuulizwa.

Fundi mwema huuliza, tena huuliza kwa utaratibu, akianza na jambo jepesi na la bei ndogo. Kwanza humsikiliza mwenye chombo: tatizo lilianza lini? Lilianza ghafula au polepole? Huja injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Nini kilifanywa juu yake karibuni? Majibu ya maswali haya ni nusu ya dawa. Pikipiki iliyoanza kukohoa siku ile ile iliyopandishwa kutoka pwani inatoa ushahidi mmoja. Ile ambayo imekaa Nanyuki miaka mitano ikaanza kukohoa wiki iliyopita inatoa ushahidi mwingine, kwa maana kimo cha mji hakikubadilika wiki iliyopita.

Kisha hutazama cheche. Hufungua plagi, huirudisha katika kofia ya waya wake, huigusisha kwa chuma cha silinda mbali na tundu la plagi na mbali na petroli, na kulikanyaga kanyagio la kuwashia. Cheche ya buluu yenye sauti ni njema. Ya manjano iliyo dhaifu ina walakini, na hapo hukagua waya, koili, na katika pikipiki za zamani sana pointi na kondensa yake. Injini inayowaka vizuri asubuhi na kuzimika ikishapata moto, kisha ikawaka tena ikipoa, aghalabu ina koili au kondensa inayoshindwa na joto, ama ina valvu zisizoachiwa nafasi ya kutosha.

Baada ya cheche huja petroli. Je, inafika? Hufungua kizibo cha tangi. Ikiwa injini iliyokuwa ikizimika baada ya kilomita chache inakwenda vizuri kizibo kikiwa kimelegezwa, basi kijitundu cha kupitisha hewa katika kizibo kimeziba, na dawa yake ni sindano ya kushonea. Kama petroli inafika, je, ni safi? Maji hukaa chini ya bakuli la kabureta, na uchafu mdogo kuliko punje ya mtama hutosha kuziba jeti. Jeti iliyoziba huleta ugonjwa wa kinyume: injini hukosa petroli, plagi huwa nyeupe kama majivu, na kabureta hupiga chafya. Mpira ulio kati ya kabureta na silinda ukipasuka huleta dalili hiyo hiyo, kwa kuwa huingiza hewa isiyopimwa.

Mbano hupimwa mwisho wa uchunguzi wa nje. Kidole huwekwa juu ya tundu la plagi na injini huzungushwa kwa kanyagio. Mbano mzuri hukisukuma kidole kwa nguvu. Ukiwa dhaifu, hapo tu ndipo inapofaa kufikiri juu ya ringi na valvu. Na hapa pana onyo kwa waliozoea kukitupa kichujio cha hewa ili injini ivute zaidi. Ni kweli kwamba moshi mweusi hupungua, lakini vumbi la Laikipia huingia ndani na kuzisaga ringi na silinda. Hiyo ni kumtibu mgonjwa mafua kwa kumpa kifua kikuu.

Ikiwa choki imefunguka, kichujio ni safi, boya ni zima, cheche ni njema na mbano unatosha, na bado plagi ni nyeusi, hapo fundi anayo haki ya kukitaja kimo. Dawa yake ni ndogo. Katika kabureta nyingi, kikamatio cha sindano ya mafuta huweza kupandishwa ngazi moja ili sindano ishuke na kupunguza petroli. Isipotosha, jeti kubwa hubadilishwa kwa yenye namba ndogo kidogo. Kisha pikipiki huendeshwa mwendo wa kutosha, plagi hufunguliwa, na rangi husomwa. Rangi ya kahawia iliyofifia ndiyo itafutwayo. Ngazi moja, safari moja, usomaji mmoja. Akibadilisha jeti, plagi na kichujio kwa pamoja, injini ikapona, hatajua kilichoiponya. Ikizidi kuugua, hatajua kilichoizidishia. Fundi anayebadilisha jambo moja na kuyaacha mengine kama yalivyokuwa amemweka mtawa wake bustanini.

Hata hivyo fundi mkweli hatamwahidi mteja wake zaidi ya anachoweza. Masizi yatakwisha na petroli itaokolewa, lakini nguvu yote ya pwani haitarudi, maana hewa yenyewe ni haba. Injini iliyopimwa vema Nanyuki bado itapungukiwa na karibu sehemu moja katika tano za nguvu zake. Mwendeshaji na apunguze mzigo, atumie gia ndogo kilimani, na asiilaumu mashine kwa jambo lisilo lake.

Tena liko jambo la kukumbuka wakati wa kushuka. Kutoka Nanyuki barabara hupita Timau, kisha huteremka mpaka Isiolo, ambako kimo ni mita 1,100 hivi na joto ni jingi. Pikipiki iliyopunguziwa petroli kwa ajili ya milimani, ikishuka huko, na zaidi ikishuka hata Mombasa, hukutana na hewa nzito kuliko petroli yake. Mchanganyiko wa namna hiyo huwaka kwa joto kali, na pistoni yaweza kuungua. Kwa hiyo, jeti ya zamani isitupwe. Ifungwe katika karatasi, iandikwe namba yake, na iwekwe pamoja na spana. Kinachofaa mlimani si lazima kifae bondeni.

Vyombo vinabadilika. Pikipiki nyingi za leo hazina kabureta. Zina vipimo vya umeme vinavyoisoma hewa na kuipima petroli bila msaada wa mtu, na nyingine hazitumii petroli kabisa. Itafika siku ambayo jeti na boya vitaonekana katika makumbusho tu. Lakini vyombo hivyo vipya navyo vitaugua, na kila ugonjwa utakuwa na dalili moja yenye sababu nyingi. Siku hiyo itahitaji watu wajuao kuuliza kwa utaratibu kama ilivyohitaji siku ya Périer.

Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba elimu ni ile iliyomo vitabuni, na kwamba mikono yenye grisi ni alama ya mtu aliyeshindwa masomo. Historia hii yawakanusha. Otto hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa mchuuzi kabla ya kuwa mtengenezaji wa injini. Maybach alikuwa yatima aliyelelewa katika nyumba ya hisani na kujifunza kazi humo humo. Fundi wa Nanyuki anayeisoma plagi kama wengine wasomavyo barua ni wa ukoo wao. Upungufu wake ni mmoja, nao ni kwamba mengi anayoyajua hayajaandikwa. Jeti namba ngapi ilifaa Timau, na namba ngapi Isiolo. Injini ipi ilizimika kwa joto, na dawa yake ilikuwa nini: mambo haya hukaa kichwani mwake, na siku akiondoka huondoka nayo. Mwanafunzi atakayeketi kando yake na daftari na kalamu, akaandika tarehe, dalili, jambo moja lililobadilishwa na matokeo yake, atakuwa amefanya kazi ile ile iliyofanywa juu ya Puy de Dôme, naye atawaachia wajao mali ambayo haichakai.